Mama anamsalimia kila mtu, na sisi tunakwenda Roma

Dada, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Morogoro. Mwezi ujao mimi na mama yangu mzazi tunakwenda hija Roma na wenzetu wa parokia, tuko thelathini na kitu. Hija ikiisha wenzetu wanarudi nyumbani, sisi wawili tunaruka hadi Paris kumwona mama mdogo aliyeolewa huko, ndipo na sisi turudi. Mama ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Fedha za safari hii alianza kuzitenga siku alipolipwa kiinua mgongo, mimi nimejazia tu. Viza zimetoka, tiketi tunazo. Kinachoninyima usingizi ni mama mwenyewe.

Mama anamsalimia kila mtu, dada. Akisimamishwa njiani anasimama. Akiulizwa jambo na mtu asiyemjua anatafuta kwanza miwani, kana kwamba bila miwani hasikii, kisha anamsikiliza hadi mwisho. Hapa mtaani kwetu ni sifa, wote wanampenda. Lakini mwaka jana mama mmoja wa parokia ya jirani alikwenda hija hiyohiyo. Wakiwa ndani ya basi kuelekea Mtakatifu Petro, wakamchomolea pochi. Ndani mlikuwa na euro zake zote, kadi ya benki na pasipoti. Anasema hakuhisi hata kuguswa. Siku zake zilizobaki alizimalizia kwenye benchi la ubalozi.

Tangu nisikie hayo nimemnunulia mama kile kipochi cha kuvaa kiunoni. Kakikataa katakata, anasema hicho ni cha wauza mitumba. Yeye anataka kubeba mkoba wake wa harusini, ule mkubwa unaofungwa kwa sumaku, na pesa nyingine "atajua mwenyewe pa kuziweka". Namjua: atazifunga kwenye pindo la khanga au atazitia kibindoni, kama alivyokuwa akifanya bibi.

Kwenye grupu la WhatsApp la safari kila siku ni maonyo. Mara Ulaya unapuliziwa dawa usoni unatoa kila kitu mwenyewe, mara usimguse mtoto. Mume wangu anacheka, anasema kule kuna kamera kila kona, mwizi gani atathubutu? Na kiongozi wa msafara katutangazia kwamba tukitua tu atakusanya pasipoti zetu zote, aziweke kwenye begi lake zisipotee.

Sasa dada, nimsikilize nani? Nimwambieje mama bila kumvunjia heshima, na bila kumtisha hadi hija yenyewe imchachie? Simu yangu nayo ndiyo benki yangu, nifanyeje nayo? Na kuna swali naona haya kuuliza mbele za watu: sisi weusi, tukipiga kelele za mwizi katikati ya Ulaya, si watatukamata sisi?

Binti wa Mwalimu, Morogoro

*

Marahaba, mdogo wangu. Hongera kwa viza, maana hapo tu wengi hukwama.

Nianze na mumeo, atulie kwanza. Aprili 2013 wafanyakazi wa makumbusho ya Louvre, Paris, waligoma na milango ikafungwa kutwa nzima. Hawakudai mshahara. Walisema wamechoshwa na magenge ya vibaka wanaoingia humo kuwachomolea wageni, na wakikatazwa wanatishia. Mei 2015 wafanyakazi wa mnara wa Eiffel nao wakafunga kwa sababu hiyohiyo. Haya ni majengo mawili yenye kamera na walinzi wengi kuliko mtaa wowote mumeo aliowahi kukanyaga. Kwa hiyo vibaka wapo, na wapo palepale mnapokwenda ninyi, kwa sababu wao pia hufuata watu.

Habari ya kupuliziwa dawa ifuteni kwenye grupu. Kibaka wa Roma hana haja ya dawa. Ana vidole, ana wenzake wawili, na ana msongamano. Kutumia nguvu hataki, kwa kuwa akikupiga polisi watamtafuta, ila akikuchomolea pole pole unagundua ukiwa umeshafika hotelini, na huwezi hata kusema ilikuwa kituo gani.

Lile basi lililompata mama wa parokia ya jirani sina haja ya kuambiwa namba yake. Basi namba 64 hutoka stesheni ya Termini, likapita katikati ya mji wa kale na kuishia karibu na Vatikani. Mahujaji karibu wote huelekezwa wapande hilo, na vibaka wa Roma nao wanajua hivyo. Kazi yao inakwenda hivi. Mmoja anapanda mbele yenu, anafika ngazini anasimama ghafla kana kwamba amekosea basi. Nyuma watu wanasukuma. Wa pili yuko ubavuni kwa mama, kakunja koti juu ya mkono ilhali jua linawaka. Chini ya koti lile ndipo mkono wa kazi ulipo. Wa tatu hamtamtambua kabisa: anapokezwa pochi, anateremka. Yule wa ngazini anaomba radhi kwa upole, naye huyo anashuka, mlango unafungwa. Mkija kushtuka basi liko Largo Argentina, na mama anajilaumu kwamba labda aliiacha chumbani.

Dawa yake wala si kubwa. Basi likija limefurika, liacheni, lingine linakuja. Mkipanda msibaki mlangoni, maana mlangoni ndipo wanapoibia, waweze kushuka. Ingieni ndani, mama aegemeze mgongo dirishani, mkoba uwe kifuani, wewe simama mbele yake. Mtu akisimama ghafla mbele yenu kwenye ngazi au kwenye mlango wa metro, ile treni ya chini ya ardhi, mkono wako uende kwenye mkoba kabla ya macho yako kwenda kwa huyo mtu. Metro ya mstari A nayo, ile ya kutoka Termini kushukia Ottaviano kwa wanaokwenda Vatikani, kaeni nayo hivyohivyo. Nanyi watu wa stendi ya Msamvu hamkuzaliwa jana. Kwenye daladala la saa kumi na moja jioni mkono wako unajua wenyewe pa kukaa. Tatizo ni kwamba tukishapanda ndege tunadhani tumeviacha vyote nyuma, pamoja na akili ya stendi.

Wala msitafute sura ya mwizi. Usimwambie mama "jihadhari na watu wa namna fulani", maana atamkazia macho mwanamume mwenye nguo chafu, na atakayemchomolea ni binti wa miaka kumi na tisa mwenye kofia ya jua na ramani mkononi, mtalii kama ninyi.

Sasa mama. Umeniuliza utamwambiaje, na mimi naona nusu ya kazi ameshaifanya. Kibindo anachotaka kutumia ndicho hichohicho ulichomnunulia dukani, tofauti ni kwamba chake kimefanyiwa majaribio kwa miaka mingi zaidi. Kitu kilichokaa kwenye ngozi, chini ya gauni na chini ya khanga, kibaka hakifikii bila mama kujua. Kwa hiyo acha kubishana. Mpe ushindi. Mwambie, "Mama, nimeona wewe ndiye una akili, pasipoti na fedha kubwa zikae kwako kibindoni, mimi nitajifunza kwako." Kisha umshonee mfuko wa kitambaa wenye zipu, ufungwe kiunoni kwa ndani, kwa sababu pindo la khanga peke yake linalegea mtu akikaa na kusimama kutwa.

Na mkoba wake wa harusini aubebe. Nasema kweli, aubebe. Kwanza ni heshima yake, pili ni chambo kizuri. Humo ndani atie rozari, miwani, kitambaa cha jasho, chupa ya maji, biskuti, na nakala ya pasipoti kwenye karatasi. Kitu ambacho kikipotea mtalia kisiwe ndani yake. Sumaku ile haina maana, iongezee pini kubwa kwa ndani. Kibaka akikuta pini anahamia kwa mwingine.

Angalizo moja tu kuhusu kibindo: kisifunguliwe hadharani. Nimewaona akina mama zetu mbele ya mashine ya tiketi Termini, wanajigeuza kidogo, wanainua nguo, wanahesabu noti. Hapo umemwonyesha kila aliyepo benki yako ilipo. Asubuhi kabla ya kutoka hotelini, toeni fedha ya siku hiyo tu, tuseme euro 40 kwa wote wawili, ikae kwenye mfuko wako wa mbele. Ikiisha, ingieni chooni mkachukue nyingine. Kwenye mashine hizo za Termini, na za stesheni ya Gare du Nord kule Paris, kuna watu huja kuwasaidia kubonyeza. Hawaajiriwi na reli. Anayetaka kusaidia bila kuombwa mwambieni hapana na mwendelee kubonyeza wenyewe, hata mkikosea mara tatu.

Hapo kwenye "hapana" ndipo penye kazi yenyewe ya kumfundisha mama, na ndiyo sababu barua yako nimeichagua. Sisi tumelelewa kwamba salamu hujibiwa, mkono ukinyoshwa hupokelewa, na mgeni akiuliza huelekezwa. Kuna watu huko wanakula kwa tabia hiyo. Paris, chini ya ngazi za kanisa la Sacré-Cœur, pale Montmartre, wanasimama vijana wenye nyuzi za rangi. Wengi wao ni Waafrika wenzetu. Watawaona mnakuja, na msishangae mkisalimiwa "Hakuna matata!", hiyo wanaitumia kwa kila mtu. Mama yako ataruka kwa furaha, atajibu kwa Kiswahili fasaha, atampa mkono. Kijana atautia uzi kwenye kidole cha mama na kuanza kusuka bangili hapohapo, ameushika ule mwisho mwingine, kwa hiyo mama hawezi kuondoka bila kukata uzi. Akimaliza anadai euro 10, au 20, na wenzake wameshawazunguka. Wakati huo hakuna anayeangalia mkoba.

Roma iko sura nyingine ya mchezo huohuo, karibu na Colosseum na kwenye viwanja vikubwa: "Ndugu, Afrika! Nimepata mtoto leo, pokea zawadi." Zawadi inapachikwa mkononi, halafu inaombwa bei yake.

Sisemi wawachukie. Ni vijana walio mbali na kwao, na maisha yao kule mimi sitamani kuyaishi. Lakini mama asiwape mkono. Mwambie hivi: sehemu yenye watalii, mtu anayekuja kwako wa kwanza ana biashara na wewe. Atabasamu, aseme "hapana, asante", mikono yake miwili iwe imeshika mkoba, na miguu isisimame. Kutembea huku unatabasamu si utovu wa adabu. Akitaka kuongea na mtu, amchague yeye mwenyewe: sista, mwenye duka, bibi aliyekaa kwenye benchi na mjukuu wake. Mtu uliyemchagua wewe mara chache sana atakuwa kibaka. Kwa Sacré-Cœur, msihangaike na zile ngazi. Kuna kigari kinachopanda kilima kando yake, tiketi yake ni ileile ya metro, na magoti ya mama yatashukuru.

Mengine ya Paris nitayapitia haraka kwa sababu mnayajua kwa majina mengine. Mabinti wenye ubao wa karatasi wanaoomba sahihi, baadhi wakijifanya bubu: ubao unawekwa juu ya mkoba wako, na mkono unafanya kazi chini ya ubao. Msisaini chochote barabarani. Mtu anayeokota pete ya dhahabu miguuni kwako kando ya mto Seine na kuuliza kama ni yako: pete ni ya shaba, ameidondosha yeye, na mwisho wa hadithi utaombwa hela ya chakula. Ni ndugu wa lile bunda la noti linalodondoshwa Kariakoo mkagawane uchochoroni. Na karibu na mnara wa Eiffel, kwenye daraja la Iéna, mtakuta watu wamezunguka vikombe vitatu na kimpira juu ya kimkeka. Hiyo ni pata potea, mdogo wangu. Yule mama anayeshinda euro 100 kila mara ni mpambe. Na hata msipocheza, msisimame kutazama, kwa kuwa watazamaji ndio wanaochomolewa.

Chemchemi ya Trevi nayo, kule Roma. Desturi ni kuipa mgongo na kurusha sarafu kwa mkono wa kulia juu ya bega la kushoto. Sarafu hizo hukusanywa na kupewa Caritas ya Roma, shirika la Kanisa la kusaidia maskini, kwa hiyo mama arushe kwa moyo mweupe. Ila angalia picha ilivyo: mtu ameipa chemchemi mgongo, macho juu, mkono hewani, mwenzake amenyanyua simu kumpiga picha, na mkoba umelala kwenye ukuta kati yao. Rusheni kwa zamu, na mkoba uwe kwa yule asiyerusha.

Kwa kuwa mnakwenda hija, kuna utapeli mmoja unaowahusu ninyi hasa. Kuingia Basilika la Mtakatifu Petro ni bure. Tiketi za katekesi ya Baba Mtakatifu ya Jumatano ni bure pia, zinatolewa na Vatikani yenyewe, na makundi ya hija huziomba mapema. Njiani mtakutana na vijana wenye vitambulisho vya kuning'iniza shingoni, watasema foleni inachukua muda wa saa tatu, bila wao hamtaingia, lipeni. Foleni ya Basilika ni ya ukaguzi wa usalama, ipangeni. Makumbusho ya Vatikani na Kikanisa cha Sistina ndiyo yenye kiingilio, na tiketi zake hununuliwa kwenye tovuti yao wenyewe. Watawatishia pia kwamba mabega wazi hayaruhusiwi, wawauzie mtandio. Kwamba hayaruhusiwi ni kweli, ila mama ana khanga mbili, kwa hiyo biashara hiyo imekufa.

Mikoba ya majina makubwa inayotandazwa chini kwenye shuka usinunue hata kama dada zako wamekuagiza. Italia sheria inamtoza faini mnunuzi wa bidhaa bandia, inaweza kufika euro 7,000, na wameshatozwa watalii.

Mkitua Paris, ndani ya ukumbi wa uwanja wa Charles de Gaulle mtafuatwa na watu wanaouliza "Taxi?". Dereva halali hafuati mtu ndani, anasubiri nje kwenye foleni yenye alama. Nauli ya kutoka hapo hadi Paris ni ya mkupuo na imepangwa na serikali: mwaka 2025 ilikuwa euro 56 kwa ukingo wa kulia wa mto Seine na 65 kwa ukingo wa kushoto, iwe foleni au mvua. Muulize mama mdogo anakaa ukingo gani kabla hamjaondoka.

Sasa simu yako. Simu yenyewe ni hasara, lakini laini iliyomo ndiyo hatari. Kibaka mwenye akili anachomoa laini, anaitia kwenye simu nyingine, na namba za uthibitisho za benki zinaanza kuingia kwake. Kwa hiyo kabla ya safari weka namba ya siri kwenye laini yenyewe. Ile ya kufungua kioo haitoshi. Ipo kwenye mipangilio ya usalama ya simu, na usisahau kuibadilisha ile ya kiwandani. Kwenye M-Pesa au mtandao wowote unaotumia usiache akiba, ihamishie benki, kwa sababu laini ikipotea kuirudisha ukiwa Roma ni shughuli. Piga *#06#, namba ya IMEI itakayotokea, yaani ya kuitambulisha simu yenyewe, iandike kwenye karatasi na uiache nyumbani kwa mumeo, pamoja na namba ya benki ya kufungia kadi. Mumeo anaweza kusaidia hapo, akimaliza kucheka. Kadi zenu mbili zisikae pamoja: moja kwa mama, nyingine kwako. Na mkikaa mgahawani nje, simu isilale mezani. Mtu anakuja na ramani au karatasi, anaitandaza juu ya meza akiuliza njia, akiiondoa anaondoka na simu chini yake.

Mtu akiwaambia ni polisi wa nguo za raia na anataka kuangalia noti zenu kama ni bandia, huyo siyo. Polisi wa kweli anaweza kuomba pasipoti, ila hahesabu hela zako barabarani. Mwambieni mtaongea naye kituoni, na upige 112 mbele yake. Namba hiyo ni ya dharura na ni moja kwa nchi zote za Umoja wa Ulaya, haina malipo.

Hapo naingia kwenye swali lako la haya, ambalo hata halina haya. Hawatawakamata kwa kupiga kelele. Pigeni, na pigeni kwa lugha yao: "Al ladro!" kwa Roma, "Au voleur!" kwa Paris. Vibaka wanachukia kutazamwa kuliko wanavyoogopa polisi. Msikimbizane naye tu. Lakini nisikufiche, mlinzi wa duka anaweza kuwafuata nyuma kati ya rafu, na kwenye stesheni kubwa polisi wanaweza kuwapita watalii weupe kumi wakaja kwenu kuomba hati. Risiti msitupe. Na hii ndiyo sababu siukubali ushauri unaoandikwa kila mahali kwamba pasipoti iache kwenye sefu ya hoteli. Ushauri huo hauwafai ninyi. Ufaransa na Italia mgeni anatakiwa aweze kuonyesha hati zake akiulizwa, na viza yenu imebandikwa ndani ya pasipoti. Nakala peke yake inaweza kuwaweka kituoni saa nzima. Pasipoti itembee nanyi, ila kibindoni, na nakala yake mkobani.

Ikitokea mmeibiwa pamoja na hayo yote, kwanza fungeni kadi, kabla ya kulia. Pili nendeni polisi siku hiyohiyo. Roma ni kwa Carabinieri au Questura, mnaomba "denuncia". Paris ni kituo cha polisi, mnasema mnataka kutoa "plainte". Karatasi mtakayopewa ndiyo RB yao, na bila hiyo ubalozi na bima hawana pa kuanzia. Tanzania ina ubalozi Roma na Paris, na kote huko wanaweza kuwapa hati ya dharura ya kusafiria. Bebeni picha nne za pasipoti kila mmoja, kuzitafuta huko ni gharama na usumbufu. Kumbuka pasipoti ikienda na viza imekwenda, kwa hiyo mkiwa uwanjani kuondoka mtaonyesha ile karatasi ya polisi na nakala ya ukurasa wa viza. Ipige picha leo, mtumie mumeo. Na ile bima mliyokata kwa ajili ya viza isomeni. Masharti ya viza ya Schengen, hiyo mliyopewa, yanadai matibabu ya angalau euro 30,000, hayadai bima ya pochi. Kama wizi haumo, ni afadhali mjue sasa.

Limebaki la kiongozi wa msafara na begi lake la pasipoti. Nia yake ni njema na wazo lake ni baya kuliko yote yaliyomo kwenye barua yako. Begi moja lenye pasipoti thelathini likikwapuliwa Termini, parokia nzima inahamia ubalozini. Na yeye akiwa amesimama mbele anahesabu watu, begi hilo litakuwa limewekwa chini, karibu na mguu, na amelipa mgongo. Kila mmoja ashike yake. Hotelini wakizihitaji kwa usajili, wapewe mapokezi, zirudi dakika hiyohiyo. Usiende kumwambia wewe, ataona binti mdogo anamfundisha kazi. Mtume mama. Mwalimu mstaafu akisimama kwenye mkutano wa maandalizi na kusema pasipoti yake anatunza mwenyewe, sioni nani katika parokia yenu atanyanyua mkono kumpinga. Nusu yao alishawafundisha kusoma.